Pumzi Katika Chumba cha Mzazi

Jumatatu, 16 Juni 2025

Siku ya tisa tangu binti yetu Gabriella azaliwe. Baridi ya hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi Malawi, mwaka huu haina adabu. Ukungu mpaka saa nne, manyunyu, upepo unaopenya kila tundu la ukuta.

Leo nimefundisha mapafu, Form 3. Nilitengeneza mfano jana: chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, mrija, baluni mbili ndani, na kipande cha baluni ya tatu kimefungwa chini. Ukikivuta kile cha chini, baluni za ndani zinajaa zenyewe. Darasa zima — waaa! Nikawaambia mapafu hayana msuli hata mmoja. Hayavuti kitu. Ni kiwambo kinachoshuka, mbavu zinapanuka, na hewa inaingia kwa sababu imepewa nafasi. Wakapiga makofi. Nimerudi nyumbani kifua mbele. Mwalimu Sylvain wa Bukavu bado yupo!

Nyumbani sina cheo. Mama Mkwe yumo chumbani na mke wangu Douce na mtoto tangu uzazi, na mimi nalala sebuleni kwenye mkeka. Kwetu mzazi hakai na baridi. Mbabula, jiko la makaa, inawashwa nje asubuhi, makaa yakishakuwa mekundu na moshi umekwisha, inaingizwa ndani. Inakaa karibu na kitanda mchana kutwa, mzazi ananyoosha miguu pale. Uji wa moto, maji ya moto, mlango umefungwa. Na mkwe haingii chumba anacholala mama wa mke wake. Kwa hiyo mimi niko nyuma ya pazia kama mtu aliyekuja kuomba chumvi.

Nimemuuliza Douce kupitia pazia: unaendeleaje? Akasema kichwa. Mama Mkwe akamjibia: ni damu ya uzazi inapanda, joto litaituliza. Sawa. Amezaa sita, mimi sijazaa hata mmoja.


Jumatano, 18 Juni

Douce ametapika mara tatu kabla ya jua. Miguu haina nguvu. Malaria, nikasema. Nani asingesema?

Nimeomba ruhusa shuleni, nikamweka kwenye kabaza na mtoto kifuani, mimi nikakimbia nyuma ya baiskeli kama mbwa. Zahanatini foleni mpaka barabarani. Tumekaa nje kwenye benchi tangu saa moja na nusu. Kufika saa saba Douce anaongea. Saa nane ananiuliza kama nina kitu cha kula! Alipoingia kwa muuguzi alikuwa anatembea mwenyewe. Malaria: hakuna. Wakambana kidole na kile kidude chenye taa nyekundu. Tisini na nane kwa mia.

Muuguzi akacheka, akaniambia foleni yao ndiyo imemponya, nimlete kila siku. Nami nikacheka. Tisini na nane! Mapafu yanafanya kazi, damu imejaa oksijeni, mwalimu mzima ninajua maana ya namba hiyo. Wakatupa panadol na vidonge vya damu.

Tumefika nyumbani saa tisa. Mama Mkwe alikuwa ameshaingiza mbabula, chumba kimeiva. Saa kumi na moja Douce ametapika tena, na zile panadol zote.


Ijumaa, 20 Juni

Nimekwenda Lilongwe na karatasi ya ruhusa. Old Town, duka la jumla, wanauza nailoni nene ya kukata kwa mita. Mwenye duka akaniuliza ni ya kufunika nyanya? Nikamwambia ni ya kufunika mke. Akanitazama vibaya.

Maana Mama Mkwe ana neno moja tu: baridi inaingia, baridi inaingia. Ana haki. Dirisha letu ni tundu lenye ubao, na kati ya ukuta na bati kuna nafasi unayoweza kupitisha mkono. Mchana huu nimewaomba wote watatu wahamie sebuleni, nikaingia na misumari, udongo na magunia. Mara ya kwanza naingia humo tangu uzazi. Joto zuri. Hakuna moshi, hakuna harufu yoyote. Kuku wa Mathilde kafungwa mguu kwenye kona, amelala. Mathilde jirani yetu, mshonaji, mama aliyetoka Fizi — alimleta huyo kuku Jumatano jioni kwa ajili ya supu ya mzazi, kama inavyopasa.

Nimeziba juu pote, nimepigilia nailoni dirishani tabaka mbili. Kazi safi! Juu ya stuli nikaona kizunguzungu, nikakumbuka sijala tangu jana. Mama Mkwe aliporudi ndani akagusa kuta, akaita: "Sasa njo umekuwa bwana ya nyumba." Ni sifa ya kwanza kwa miaka saba. Nimeifurahia kuliko inavyostahili mtu mzima.


Jumapili, 22 Juni

Kuku amekufa.

Mama Mkwe amemkuta asubuhi, miguu juu, hana jeraha. Amemtoa nje kwa ncha za vidole na kumweka mbele ya mlango ili kila mtu amwone. Yeye mwenyewe kichwa kinampasuka tangu juzi, anashika ukuta akitembea. Akaniambia mbele za watu: "Sylvain, kuku ya mutu muzuri haifake hivi hivi. Ile mwanamuke alituletea kitu mu nyumba."

Nikamwambia Mama, kuku wanakufa, ni kideri. Akauliza: na mi? Na Douce? Na sisi tuna kideri?

Mathilde alikuwa kwenye cherehani yake, ng'ambo ya njia, anasikia yote. Hakuinua kichwa.


Jumatatu, 23 Juni

Douce ameniita baba. Si kwa utani. Amenyoosha mkono kwenye pazia akasema baba, nipeleke nyumbani Kadutu. Baba yake amekufa mwaka wa kumi sasa.

Mtoto analala mno. Mama Mkwe anasema ni mtoto mtulivu.

Zahanati tena, mimi nikiwa shuleni, Bora wa kwaya amempeleka. Tisini na nane. Wamemwambia ni uchovu wa uzazi, ale vizuri. Mimi nakubaliana na nani? Sili, silali. Namwangalia muuguzi, namwangalia Mama Mkwe, namwangalia Mungu. Maji yamenifika shingoni.


Jumanne, 24 Juni

Pasteur Byamungu wa kanisa letu amekuja na watu wa maombi, kumi na mmoja, saa nane mchana. Wote chumbani. Mlango wa nje umefungwa, kitambaa kimewekwa chini ya mlango ili sauti isitoke kwa jirani. Mimi nimepiga magoti huku sebuleni, upande wangu wa pazia.

Saa nzima na nusu wameimba, wamelia, wamekemea. Pasteur anapaza sauti: "Kuko kitu mu hii chumba! Mi nakisikia mu kichwa yangu!" Kisha kishindo. Bora ameanguka. Huyu Bora ni dada wa kwaya, ananyonyesha mapacha, mwili mkubwa, sauti kubwa kuliko wote. Ameanguka kama gunia, akatapika. Aleluya! Wakasema imetoka, imetokea kwake! Wamembeba nje, akakaa kwenye mchanga nusu saa, akainuka mzima anacheka. Aleluya tena!

Na mimi nimelia kwa furaha. Naandika ukweli hapa maana hakuna atakayesoma: mimi, licencié, mwenye shahada ya biolojia, nimepiga kelele aleluya mpaka koo likakauka. Mfa maji haachi kutapatapa.


Jumatano, 25 Juni

Haikutoka. Douce hawezi kushika kikombe. Leo Mama Mkwe ameongeza makaa.

Nimefanya jambo. Nilikuwa narudi kutoka shuleni saa tisa, nikamkuta Mathilde amesimama mlangoni kwetu na bakuli la uji. Amekuja kuniuliza kwa nini watu hawampi tena nguo za kushona. Nikamwambia asikanyage kwangu. Nikamwambia mbele ya watoto wake, na mbele ya wanawake wa bombani. Nikasema akikanyaga nitaita wazee wa bloc yetu ya kambi.

Akaniambia polepole: "Mwalimu, mi nimepokea batoto ya bantu kumi na moja hapa Dzaleka kwa mikono yangu. Leo njo niko mulozi?"

Niliingia ndani. Naona haya, lakini nikimwona Douce vile haya inaondoka na inabaki hofu tu. Kama ni yeye, basi amwache. Kama si yeye, atanisamehe. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Mwoga mkubwa!


Alhamisi, 26 Juni

Hospitali kubwa, Lilongwe. Naandika sakafuni, kando ya kitanda.

Asubuhi Douce hakuamka. Mama Mkwe alipiga kelele, nikaingia — nimeingia! — nimevunja mwiko mbele yake na hakuna aliyejali. Macho nusu wazi. Mashavu mekundu, mazuri, kama ya mtu aliyetoka jikoni. Anapumua haraka haraka. Nilimtikisa kama nguo. Hakuna kitu.

Gari la wagonjwa lilikuja saa tatu. Dereva anaruhusu msindikizaji mmoja tu. Mtoto je? Mama Mkwe amekataa kabisa: wodi za Lilongwe zimejaa kifua na kikohozi, mtoto wa siku kumi na tisa haendi huko. Bora atakuja kumnyonyesha kila mara. Nimeona ni akili. Nimembusu Gabriella kwenye paji la uso, alikuwa wa moto, amelala. Nikapanda.

Hapa wamemfunga kinyago cha oksijeni, mashine inaunguruma chini ya kitanda. Wamemtoboa mgongo kuangalia homa ya uti. Wameniuliza alikunywa nini, dawa gani ya kienyeji, amegombana na nani. Nimejibu yote. Hakuna aliyeniuliza kuhusu nyumba na mimi sikuitaja.

Saa kumi na moja jioni ametembeza macho. Saa kumi na mbili amenibana kidole.


Ijumaa, 27 Juni

Saa mbili asubuhi. Douce amefungua macho! Amesema jina langu. Anauliza mtoto yuko wapi, nikamwambia yuko kwa mama yako, anakula kuliko sisi. Akacheka kidogo, kichwa kikamuuma, akalala tena — usingizi wa kawaida huu, naujua mkoromo wake. Majibu ya uti wa mgongo: safi. Daktari kijana amesimama hapa anajikuna shingo. Amesema kwa Kiingereza kwamba hajui ni nini, lakini oksijeni inamfaa, tuendelee nayo.

Oksijeni inamfaa! Wakati kidude cha kidoleni kilisema tisini na nane hata kabla ya kinyago. Tangu lini mtu aliyeshiba anaponeshwa na chakula?

Saa tatu. Siwezi kukaa bure. Nina somo la Jumatatu, ubadilishanaji wa gesi, nimeazima kalamu nyekundu kwa muuguzi, nachora hapa hapa ukurasani. Kifuko cha hewa: kama zabibu ndogo. Ukuta mwembamba kuliko karatasi hii. Upande huu hewa, upande ule damu. Oksijeni inavuka kwenda kwenye damu, kaboni dioksidi inavuka kurudi, kila moja inatoka ilikojaa kwenda ilikopungua. Hakuna anayeisukuma. Ndani ya chembe nyekundu kuna hemoglobini: ndiyo hamali, inabeba oksijeni na kuishusha mwilini. Hamali mmoja, nafasi nne. Wanafunzi watauliza: je, hamali anaweza kubeba mzigo mwingine? Wanauliza kila mwaka. Na mimi kila mwaka nawajibu kwa ile sentensi ya Bukavu tuliyoikariri kwa ajili ya examen d'État, mtihani wa taifa: hemoglobini inaipenda oxyde de carbone, kaboni monoksidi, zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni. Gesi isiyo na rangi, isiyo na harufu, itokayo kwa makaa yanayowaka katika chumba kilichofu

Mungu wangu.

Mungu wangu Mungu wangu.

Makaa. Moshi ukiisha ndipo inaingizwa ndani. Moshi! Moshi ungetukohoza, ungetutoa nje. Kilichobaki hakina hata harufu.

Foleni ilimponya. Benchi la nje. Bora kwenye mchanga. Kuku yuko chini karibu na makaa, mapafu madogo, damu kidogo. Mama Mkwe anashika ukuta. Mashavu mekundu. Na kile kidude! Kinasoma wekundu wa damu, hakisomi damu imebeba nini. Hamali amebeba mzigo wa mwizi na yeye bado mwekundu, kidude kinasema tisini na nane, na mwalimu anacheka na muuguzi.

Na mimi nimeziba. Kwa mikono hii. Tabaka mbili.

Mtoto yumo ndani.

Saa tatu na nusu. Nimemshika daktari koti, nimemwambia charcoal, charcoal, in the room. Ameelewa mara moja, amekimbilia simu ya ofisini kutafuta zahanati ya kambi. Hawapokei bado. Mimi nimepiga simu ya Mama Mkwe: haipatikani, anachaji mara moja kwa wiki. Bora: inaita, haipokewi. Yumo chumbani, ananyonyesha, simu iko kwenye mkoba sebuleni, namjua. Pasteur Byamungu: Ijumaa yuko kwenye mfungo, simu imezimwa mpaka jioni. Minibasi haiondoki mpaka ijae, halafu saa nzima njiani. Hapa Lilongwe asubuhi hii mvua ya manyunyu na upepo. Dzaleka ni baridi zaidi. Kwa baridi kama hii Mama Mkwe anaweka mbabula mbili.

Imebaki namba moja ya mtu anayeishi hatua thelathini kutoka mlango wangu.

Saa nne kasoro dakika kumi. Amepokea mara ya kwanza ilipoita.

Nikasema Mathilde, ni Sylvain. Akasema, najua. Nikamwambia kwa pumzi moja: nenda kwangu sasa hivi, mtoe mtoto, mtoe Mama Mkwe, fungua mlango, pasua ile nailoni, si ulozi, ni makaa, makaa yanawaua, ni mimi nilifunga.

Nasikia cherehani yake imesimama.

"Weye njo ulisema nikikanyaga kwako utaita bazee."

Nikasema ni mimi. Nikasema nisamehe. Nikasema vitu vingi, sijui vyote.

"Mwalimu, sikia. Bloc nzima inasema mi nakulaka batoto. Saa hii niingie kwako kwa nguvu, nitoke na mutoto mu mikono. Bakiniona, batanifanya nini?"

Alikuwa na haki na nilijua ana haki. Watampiga. Ni mimi niliyewapa fimbo. Nikamwambia: naomba. Sikuwa na neno lingine. Mathilde, naomba. Jirani wa kitanda cha pili ameacha kula, ananitazama.

Akavuta pumzi, akaishusha. Akasema, "Usikate."

Nikasikia ndala zake kwenye mchanga. Mtu akamuuliza anakwenda wapi, hakujibu. Kisha kubisha. Kubisha tena kwa nguvu. Kutoka ndani sauti ya Mama Mkwe, nzito, ya mtu aliyelewa, lakini ni yeye, yuko hai: "Ni nani?"

Na Mathilde angeweza kusema jina lolote. Bora. Mama Pasteur. Akasema: "Ni mi, Mathilde. Sylvain njo ananituma. Fungula."

Nikasikia komeo. Nilidhani linafunguliwa. Lilikuwa la pili, la chini, nililoweka mwenyewe mwaka jana, linafungwa.

Nikapiga kelele kwenye simu, Mama, fungua, ni mimi Sylvain! Mathilde ameinua simu kuelekea mlangoni, nadhani, maana sauti yangu ilinirudia. Wanawake wameanza kukusanyika, nasikia wanauliza kuna nini, mmoja anasema mulozi, ameshika mulango. Sikumsikia Gabriella. Niliwanyamazisha watu wa wodi nzima ili nisikie, na sikumsikia. Kisha Mathilde akasema, si kwangu, kwa wale wa nyuma yake: "Munipige kisha. Kwanza munipe jembe."

Yuniti za simu zikaisha hapo.

Saa nne na dakika tano. Muuguzi amenipa simu yake. Naandika kwa sababu mkono huu ukikaa bure nitaamsha Douce, na Douce hajui kitu. Nimepiga mara nne. Inaita. Douce anapumua vizuri, kinyago kinapata ukungu na kukauka, kinapata ukungu na kukauka. Nimepiga mara ya tano. Inaita. Imepokewa, lakini hakuna anayeongea, ni vurugu tu, na bati linang'olewa, na watu wengi wanakohoa vumbi la ukuta, na mimi bado namsikilizia Gabriella.